Shule mpya au shule kongwe? Jiulize haya kabla ya kupanda ndege kwenda kufunza Kiingereza Asia

Umemaliza digrii. Umetuma maombi ya kazi hadi vidole vimechoka. Halafu jioni moja unakutana na tangazo kwenye simu: walimu wa Kiingereza wanahitajika Thailand, Vietnam au China, nyumba ipo, mshahara mzuri, waombaji kutoka Afrika wanakaribishwa. Unaomba, na kwa bahati unapata ofa mbili.

Ya kwanza imetoka kwa shule iliyofunguliwa mwaka jana jijini Bangkok. Wamekujibu ndani ya saa mbili, wamekuhoji kwa video keshoye, na wanakuahidi baht 35,000 kwa mwezi. Ya pili imetoka kwa shule iliyokuwepo kabla hujazaliwa. Hao wamekaa wiki tatu kabla ya kujibu, wameomba vyeti vyote hadi cha tabia njema kutoka DCI, na mshahara wao ni baht 28,000 pamoja na marupurupu ya nyumba ya baht 5,000.

Utachagua ipi? Vijana wengi wanakimbilia ile ya kwanza. Pesa ni nyingi, na watu wenyewe wanaonekana kukutaka. Lakini ngoja kwanza, tuangalie mambo kadhaa ambayo tangazo halikuambii.

PASPOTI YAKO NDIYO INAANZA KUZUNGUMZA

Tuseme ukweli ulivyo. Kiingereza chako kinaweza kuwa kizuri kuliko cha kijana wa London, lakini katika soko hili watu husoma jalada la paspoti kabla ya kusikiliza sauti yako. Korea Kusini, viza ya kufunza Kiingereza inayojulikana kama E-2 hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Canada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo. China nayo, matangazo mengi hutaja nchi hizo hizo saba, kwa sababu kanuni zinataka mwalimu wa lugha afunze lugha yake ya kuzaliwa.

Thailand na Vietnam mlango uko wazi zaidi. Huko ukiwa na digrii, cheti cha kufunza Kiingereza kama TEFL, na cheti cha tabia njema, unaweza kupata kazi kihalali. Shule nyingi za Thailand pia zitakuomba matokeo ya mtihani wa Kiingereza kama TOEIC, hata kama ulisoma kwa Kiingereza tangu ukiwa shule ya msingi. Inauma, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa unganisha hayo na ofa zako mbili. Shule yenye jina kubwa hupata foleni ya waombaji, na nyingi huanza kuchagua kwa paspoti. Shule changa haina foleni. Inahitaji mwalimu kabla muhula haujaanza, na iko tayari kumchukua Mkenya ambaye ile kubwa imemruka. Hiyo ni nafasi halali na wengi wameanzia hapo. Ila ujue kwamba kasi ya kukujibu ni dalili ya uhaba wao. Haithibitishi kwamba shule ni imara.

KWA SHULE KONGWE UTAPATA NINI

Utapata utaratibu. Mtaala upo, vitabu vipo, kuna mkuu wa idara ambaye amepokea walimu wageni miaka nenda miaka rudi. Afisini kuna mtu ambaye kazi yake ni kwenda uhamiaji, na anajua ni karatasi ipi hukataliwa na kwa nini. Thailand, kwa mfano, mwalimu asiye na leseni ya ualimu huhitaji idhini ya muda kutoka kwa Baraza la Walimu la nchi hiyo, linaloitwa Khurusapha, na shule ndiyo inayokuombea. Shule iliyofanya hivyo mara 50 haitababaika na jina lako lenye herufi nyingi.

Utapata pia wenzako. Usidharau hili. Wiki ya kwanza ugenini utahitaji mtu wa kukuonyesha pa kununua laini ya simu, jinsi ya kufungua akaunti ya benki, na kwa nini kila mtu ameduwaa saa mbili asubuhi wimbo wa taifa ukipigwa uwanjani.

Ubaya wake? Utakuwa mtu wa kufuata ratiba. Jumatatu ukurasa wa 14, Jumanne ukurasa wa 15. Madarasa ya wanafunzi 40 au zaidi ni jambo la kawaida katika shule za serikali, ingawa kwa aliyewahi kufunza shule ya kutwa hapa kwetu hilo si geni. Mshahara hufuata ngazi, hivyo hata ukifanya kazi kama punda, nyongeza husubiri mwaka uishe. Na zipo shule kongwe zilizochoka kabisa: jina kubwa langoni, lakini ndani walimu hubadilishwa kila muhula kama balbu.

KWA SHULE MPYA UTAPATA NINI

Utapata nafasi ya kuonekana. Shule ina walimu watano, mmoja wao ni wewe. Ukipendekeza kilabu cha mdahalo, kesho kinaanza. Baada ya mwaka mmoja unaweza kuwa mwalimu mkuu wa idara, jambo ambalo shule kubwa lingekuchukua miaka minane. Mwenye shule unamjua kwa jina, na mshahara mnaweza kujadiliana mkinywa chai.

Lakini utafanya kazi ambazo hazikutajwa kwenye tangazo. Utaandika mtaala. Utafunza somo la mfano wazazi wakikutazama kama mshindani wa shindano la vipaji. Kama ni kituo cha tuisheni, Jumamosi utakuwa kwenye duka kubwa ukigawa vibaluni na vipeperushi, na vipindi vyako vitakuwa jioni na wikendi kwa sababu ndipo watoto wanapotoka shule zao za kawaida. Na uhamiaji, wewe ndiye utakuwa mwalimu wao wa kwanza wa kujifunzia. Wakikosea karatasi, faini na aibu ni zako.

UKONGWE SI KINGA

Hapa ndipo ushauri wa "nenda shule kongwe, utakuwa salama" hugonga mwamba.

Nenda Japan, mwaka 2007. NOVA ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote za kufunza lugha nchini humo. Ilikuwepo tangu 1981, na ilikuwa na walimu wa kigeni wapatao 4,000. Juni mwaka huo serikali iliiadhibu kwa kuizuia kuuza baadhi ya kandarasi mpya kwa wanafunzi, kwa sababu ya jinsi ilivyokuwa ikiwahadaa kuhusu malipo. Baada ya hapo mishahara ikaanza kuchelewa. Ilianza kwa siku chache, ikawa wiki, halafu ikakoma. Oktoba kampuni ikaanguka. Walimu wengi walikuwa wakiishi katika nyumba zilizopangishwa kupitia kampuni. Kodi ilikatwa kwenye mishahara yao, lakini baadhi yao waligundua kwamba mwenye nyumba hakuwa amelipwa. Wakapewa notisi ya kuhama. Kuna walioanza kufunza ili wapate chakula.

Vietnam, kisa ni cha kampuni changa. Apax Leaders ilichipuka na ndani ya miaka michache ikafungua vituo zaidi ya 100. Mwenyewe alikuwa nyota wa runinga. Kufikia mwisho wa 2022 wazazi walikuwa wakidai karo zao, walimu wakidai mishahara, na Machi 2024 mwanzilishi huyo akakamatwa. Mwezi huo huo, jijini Ho Chi Minh, shule ya kimataifa ya AISVN, iliyokuwa na majengo ya kifahari, iliwaacha wanafunzi zaidi ya 1,000 nyumbani baada ya walimu ambao hawakuwa wamelipwa kuacha kufunza.

China nako, pigo lilitoka kwa serikali. Julai 2021 ilitangaza sera ya kupunguza mzigo wa masomo, iliyopiga marufuku tuisheni ya faida katika masomo makuu kwa watoto walio katika shule za lazima. New Oriental, iliyoanzishwa 1993 na kuheshimika kote nchini, iliachisha kazi watu 60,000. Hakuna mwalimu aliyekuwa amekosea chochote.

Umeona? Moja ilikuwa kongwe, nyingine changa, nyingine ilikuwa imara hadi sheria ilipobadilika. Umri pekee haukuambii lolote.

PESA ZINAINGIAJE?

Kinachokuambia ni jinsi shule inavyolipwa. NOVA na Apax zilifanana katika jambo moja: zilichukua pesa za mzazi au mwanafunzi mapema, za miezi mingi kwa mpigo, kisha zikatumia pesa hizo kupanua biashara. Mfumo huo huenda vizuri mradi kila mwezi wateja wapya wanaingia. Wakipungua kidogo tu, kodi na mishahara ya leo inakosa pa kutoka, kwa sababu karo ya leo ililiwa mwaka jana. Ndiyo maana kanuni za China za 2021 pia zilizuia vituo kukusanya karo ya zaidi ya miezi mitatu kwa mkupuo.

AISVN nayo iliwakopa wazazi mamilioni na kuwaahidi kwamba watoto wao wangesoma bila karo. Ujanja ni ule ule, jina tofauti.

Kwa hivyo swali la maana kuliko "mlianza lini?" ni hili: wazazi hulipa kwa muhula, kwa mwezi, au kwa mwaka mzima? Shule ya kawaida inayolipwa kwa muhula, hata kama ina miaka miwili tu, huenda ikawa salama kuliko kituo cha miaka 20 kinachouza vifurushi vya miaka mitatu. Na shule mpya iliyofunguliwa na wakfu au kampuni ambayo tayari ina shule nyingine zinazoendeshwa vyema si mpya kwa maana ya kukutia hofu.

PIGA HESABU YA MWAKA, SI YA MWEZI

Rudi kwa ofa zetu mbili. Shule za Thailand hufunga kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Mei. Kandarasi nyingi ni za miezi 10 au 11, na miezi hiyo ya likizo hulipwi. Tuseme ile shule mpya inakupa kandarasi ya miezi 10. Baht 35,000 mara 10 ni 350,000. Shule kongwe inakupa miezi 12: baht 33,000 ukijumlisha za nyumba, mara 12, ni 396,000. Ofa iliyoonekana ndogo imeishinda ile kubwa kwa baht 46,000. Ukichukua baht moja kuwa kama Sh4, hizo ni Sh184,000. Zinatosha tiketi ya kurudi nyumbani na zaidi.

Kisha kuna gharama za kuanzia. Mwenye nyumba wa Thailand kwa kawaida hutaka amana ya miezi miwili pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza. Chumba cha baht 6,000 kinakudai 18,000 siku ya kuingia, yaani Sh72,000, na mshahara wako wa kwanza uko mwisho wa mwezi. Hujala, hujapanda basi.

MASWALI YA KUTUMA KABLA YA KUSAINI

Yaandike kwenye barua pepe, kwa adabu, na usubiri majibu ya maandishi.

Jina lililo kwenye kandarasi ni lile lile lililo kwenye leseni ya shule na litakaloandikwa kwenye kibali changu cha kazi? Ikiwa ni majina matatu tofauti, uliza kwa nini. Kibali hutolewa kwa mwajiri fulani. Ukikutwa ukifanyia kazi mwingine, mwenye kosa ni wewe.

Nitaingia na viza gani? Ukiambiwa "njoo na ya utalii, tutabadilisha ukifika", elewa kwamba hadi ibadilishwe, kila siku unayosimama mbele ya darasa unavunja sheria za nchi ya watu.

Kandarasi ni ya miezi mingapi, na likizo ninalipwa?

Nyumba imeandikwa kwa jina la nani? Kumbuka NOVA. Ikiwa mwajiri ndiye mwenye nyumba, siku ukipoteza kazi umepoteza na kitanda.

Nikiondoka, notisi ni ya siku ngapi, na mtanipa barua ya kuniachilia? China barua hiyo ni uhai. Bila hiyo, kuhamia mwajiri mwingine ni kama kuhama mtaa bila funguo za nyumba mpya.

Naomba mawasiliano ya mwalimu mmoja anayefunza hapo sasa na mmoja aliyeondoka. Huyo wa sasa muulize swali moja tu: mwezi uliopita ulilipwa tarehe ngapi? Usimuulize kama shule ni nzuri, atakujibu kwa heshima. Tarehe haina heshima. Shule mpya haina walioondoka, basi omba upigiwe video saa za masomo. Kiti kitupu nacho kinazungumza.

AJENTI NA MTEGO WA MPAKANI

Ukipitia kwa ajenti wa hapa nchini, hakikisha amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uajiri (NEA). Orodha iko wazi mtandaoni, na kuangalia hakuchukui dakika tano. Wizara ya Mambo ya Nje ilionya mwaka 2022 kuhusu kazi bandia za Kusini Mashariki mwa Asia, baada ya Wakenya kuahidiwa kazi nzuri Thailand na kujikuta wamevushwa mpaka hadi Myanmar, ambako walilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Mwaka 2025, maelfu ya watu wa mataifa mbalimbali walipotolewa katika kambi hizo, Wakenya walikuwemo tena.

Shule halisi ina jina, anwani, wanafunzi na simu ya afisi inayopokelewa. Kama tangazo lina mshahara tu na nambari ya WhatsApp, hiyo si shule mpya wala kongwe. Na ukifika salama, jiandikishe na ubalozi wetu. Kenya ina ubalozi Bangkok na Beijing, lakini hawawezi kukutafuta kama hawajui upo.

AIBU NDIYO HUWAFUNGA WENGI

Kuna jambo moja ambalo halimo kwenye kandarasi yoyote. Nauli yako huenda ilitoka kwa chama cha mama, au mkopo wa Sacco wa baba, au harambee ndogo ya WhatsApp ambapo shangazi alituma Sh500 yake ya mwisho. Picha za uwanja wa ndege zimepakiwa. Kijiji kizima kinajua uko majuu.

Kwa hivyo mshahara unapochelewa, hunyanyui sauti. Unaambiwa mkurugenzi yuko safarini, unakubali. Mwezi wa pili unaambiwa benki ina shida, unakubali. Unaendelea kufunza bure kwa sababu kurudi nyumbani mikono mitupu kunaonekana kuwa msiba. Na kwa vile ruhusa yako ya kukaa nchini humo imefungwa kwenye kazi hiyo, unaogopa hata kuuliza. Mwajiri mbaya analijua hili vizuri kuliko wewe.

Dawa yake ni kuamua mapema, ukiwa bado hapa na akili imetulia. Weka kando nauli ya kurudi na pesa za kuishi miezi mitatu, na usiziguse kwa simu mpya wala safari ya kisiwani. Waambie wazazi kabla ya kuondoka: mshahara ukichelewa zaidi ya mwezi mmoja, nitaanza kutafuta kwingine au nitarudi. Wakishasikia hivyo mapema, kurudi hakutakuwa tena kushindwa.

SASA, IPI?

Kama hii ndiyo kazi yako ya kwanza ng'ambo, chukua shule iliyokaa, yenye kandarasi ya miezi 12, hata kama mshahara ni mdogo kidogo. Unanunua mwaka wa kujifunza nchi, kupata karatasi halali, na barua ya sifa ambayo mwajiri wa pili ataiamini. Mwaka wa pili, ukiwa unajua mitaa, bei na lugha kidogo, shule mpya inaweza kuwa nafasi nzuri sana ya kupanda ngazi, kwa sababu ikianguka utajua pa kubisha hodi.

Kama ofa uliyo nayo ni ya shule mpya pekee, usiikatae kwa sababu ya umri wake. Iweke kwenye mizani. Na kama una nambari ya TSC na miaka kadhaa ya kufunza, una la kujadili: omba sehemu ya mshahara wa kwanza unapofika, omba nyumba iandikwe kwa jina lako, omba likizo ilipwe. Shule changa inayokuhitaji kweli itakubali angalau mawili.

Basi watumie maswali hayo leo usiku. Shule nzuri, iwe ya mwaka mmoja au ya miaka 40, itayajibu moja baada ya jingine. Ile itakayokujibu "usijali, tutaongea ukifika" imeshakupa jibu, na haijakugharimu nauli.